Vitamini, Virutubisho na Tumbo la Mtu Anayetumia Diklofenaki

Nafanya kazi ya ufamasia mjini Tanga, na miongoni mwa maombi yanayonifikia kaunta lipo moja linalozidi kuongezeka: mtu anaomba diklofenaki au brufeni kwa ajili ya magoti, kiuno au maumivu ya hedhi, kisha anaomba apewe na vitamini au kirutubisho cha kulinda tumbo, kwa sababu amesikia kwamba dawa za maumivu huleta vidonda. Alichosikia ni kweli kabisa, na nafurahi kwamba habari hiyo imewafikia watu. Kinachonisumbua ni pale anapoitafuta kinga. Naona watu wanaozijali afya zao wakitoa fedha nyingi kununua kinga dhaifu iliyomo kwenye chupa yenye picha nzuri, ilhali kinga yenye nguvu, na ya bei ndogo, ipo kwenye rafu ileile na hakuna anayeiulizia.

Sisemi kwamba virutubisho vyote ni uongo. Vipo vilivyofanyiwa utafiti wa kweli, na nitavieleza kwa haki. Lakini hatuwezi kuvipima mpaka kwanza tujue dawa ya maumivu inaliumiza tumbo kwa njia gani.

Tumbo hutengeneza asidi kali ya kuyeyushia chakula, na lenyewe haliungui kwa sababu limejiwekea ulinzi: ute mzito unaofunika ukuta wake, chumvi ya baikaboneti inayopooza asidi iliyo karibu na ukuta huo, na damu ya kutosha inayopita chini yake ili kuponya mikwaruzo midogo kabla haijawa vidonda. Ulinzi wote huo husimamiwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwaka 1971, John Vane, mtafiti aliyekuwa London, alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na kwa ugunduzi huo alikuwa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Tatizo ni kwamba prostaglandini zinazoleta maumivu, homa na uvimbe gotini ni za ukoo mmoja na zile zinazolinda tumbo. Kidonge kinachotuliza goti kinapita kwenye damu, na damu haichagui kwenda gotini tu.

Hapa ndipo dhana nyingi zinapoanguka. Wapo wanaoomba sindano ya diklofenaki wakiamini kwamba dawa isiyopita tumboni haiwezi kuliumiza tumbo, na wapo wanaochagua vidonge vyenye ganda linaloyeyukia utumboni kwa imani hiyohiyo. Ganda hilo hupunguza mwasho wa juujuu, lakini dawa ikishaingia kwenye damu, iwe kwa mdomo, kwa sindano ya takoni au kwa njia ya haja kubwa, inazizima prostaglandini za tumbo vilevile. Kula kabla ya kumeza dawa ni jambo jema, maana hupunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini ugali hauzirudishi prostaglandini. Maziwa nayo hutuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalsiamu yake huliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Hata vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna, ambavyo karibu kila nyumba inavyo, hupooza asidi iliyopo wakati huo na kumpa mtu nafuu. Havijathibitika kuzuia kidonda cha dawa za maumivu, na nafuu yenyewe inaweza kumfanya mtu asiitambue hatari. Wengi wanaofikishwa hospitali wakitapika damu kwa sababu ya dawa hizi hawakuwa na maumivu makali ya tumbo siku za nyuma, kwa kuwa dawa inayotuliza goti huweza kuficha na maumivu ya kidonda.

Kwa hiyo ninapoulizwa juu ya kirutubisho chochote, najiuliza kwanza: je, kinazirudisha prostaglandini, kinapunguza asidi kwa saa nyingi, kinaua bakteria wa vidonda, au kinasaidia ukuta ujirekebishe kidogo tu? Na utafiti wake ulifanywa kwa nani, kwa vijana wazima waliomeza dawa siku chache, au kwa wazee wenye baridi yabisi waliokaa na dawa miezi na miaka?

Tuanze na vitamini C, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Aspirini huamsha ndani ya ukuta wa tumbo molekuli za oksijeni zenye kuharibu seli, na hupunguza vitamini C iliyomo kwenye ukuta huo. Watafiti wa Ujerumani na Poland, miaka ya mwanzo ya 2000, waliwapa watu wenye afya aspirini peke yake au aspirini pamoja na vitamini C, kisha wakatazama matumbo yao kwa kamera, na waliopata vitamini C walikuwa na mikwaruzo michache. Hilo ni jambo la kweli na lina mantiki. Lakini mkwaruzo unaoonekana kwa kamera baada ya siku chache si sawa na kidonda kinachotoboa tumbo au kinachovuja damu, na utafiti huo ulihusu aspirini. Haukumchunguza bibi wa miaka 70 anayemeza diklofenaki miligramu 50 asubuhi na jioni mwaka mzima. Anayetaka vitamini C ale machungwa, mapera na ukwaju, na akipenda vidonge ameze dozi ya kawaida. Asijihesabu kuwa amekingwa.

Zinki ina habari ya kuvutia zaidi. Upo mchanganyiko wa zinki na kanosini, molekuli ndogo iliyoundwa na asidi amino mbili, ambao Japani umetumika kama dawa ya vidonda vya tumbo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 wenye afya indomethasini, dawa ya maumivu ya ukoo wa diklofenaki, miligramu 50 mara tatu kwa siku kwa siku 5, safari moja pamoja na zinki-kanosini miligramu 37.5 mara mbili kwa siku, safari nyingine pamoja na kidonge kisicho na dawa. Walipopata kidonge kitupu, ukuta wa utumbo ulianza kupenyeza vitu mara tatu ya kawaida. Walipopata zinki-kanosini, haukupenyeza zaidi kwa kiasi cha maana. Mimi naona hiki ndicho kirutubisho chenye hoja nzuri kuliko vingine vyote vinavyotajwa. Hata hivyo, watu 10 kwa siku 5 hawatoshi kumpa mtu ruhusa ya kumeza dawa ya maumivu bila kinga nyingine, na zinki ya kawaida inayotolewa kwa watoto wenye kuharisha si kitu hichohicho, kwa hiyo mtu asiinunue akidhani ameokoa fedha.

Pilipili inanipa furaha ya pekee kuisimulia, kwa sababu huku pwani imelaumiwa sana. Mwaka 1995 watafiti wa Singapore waliwanywesha watu 18 wenye afya maji yaliyochanganywa na gramu 20 za pilipili ya unga, kisha wakawapa aspirini miligramu 600. Siku nyingine wakawapa maji matupu kabla ya aspirini hiyohiyo. Matumbo yaliyotanguliwa na pilipili yaliumia pungufu kuliko yaliyotanguliwa na maji. Sababu inayodhaniwa ni kwamba kapsaisini, kile kikali cha pilipili, huziamsha neva za tumbo na kuongeza damu kwenye ukuta wake. Simshauri mtu anywe pilipili. Mwenye kidonda tayari ataungua na atateseka. Nasema tu kwamba pilipili haianzishi vidonda kama tunavyoambizana mezani, na kuiacha huku ukiendelea na diklofenaki ni kumfukuza mgeni na kumkaribisha mwizi.

Kabichi inastahili aya yake, kwa maana hakuna dawa ya vidonda vya tumbo inayosambazwa kwenye simu zetu kuliko juisi ya kabichi. Asili yake inajulikana. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa San Francisco alichapisha taarifa ya wagonjwa 13 wenye vidonda aliowapa juisi ya kabichi mbichi, kama lita moja kwa siku, wakapona haraka kuliko ilivyotarajiwa wakati ule. Kitu alichodhani kimo ndani ya kabichi alikiita vitamini U, na jina hilo limeendelea kuuza bidhaa hadi leo, ingawa kitu chenyewe, ambacho kimetokana na asidi amino ya methionini, hakihesabiwi kuwa vitamini, kwa kuwa mwili haupati ugonjwa wowote kwa kukikosa. Wagonjwa 13 wasio na wenzao wa kulinganishwa nao ni mwanzo wa swali. Jibu lilihitaji utafiti mkubwa zaidi. Tena wagonjwa wale walitibiwa zaidi ya miaka 30 kabla ya Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, kutuonyesha kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi. Juisi ya kabichi ni chakula kizuri. Anayeipenda ainywe, lakini asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu yake.

Mama yangu ana magoti yaliyochakaa, na dawa zake anaziweka kwenye kopo la plastiki lililokuwa la siagi, juu ya kabati la vyombo. Siku moja aliniomba nimpangie. Ndani ya kopo lile nilikuta ukanda wa diklofenaki uliobaki vidonge vinne, magnesiamu iliyofungwa kwenye karatasi, aspirini ndogo ya miligramu 75 aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo, na chupa tatu alizoletewa na binamu yangu aliyeko Muscat: mafuta ya samaki, vitamini E, na ya tatu ya vitamini mchanganyiko yenye madini ya chuma. Nikamuuliza, "Mama, hizi chupa unazitumiaje?" Akanijibu, "Mwanangu, nikimeza ile ya goti nameza na hizi, wamesema zinakinga tumbo."

Kopo lile lilikuwa na somo zima la taaluma yangu. Aspirini ndogo na diklofenaki zikikutana, hatari ya kuvuja damu tumboni huongezeka kuliko kila moja ikiwa peke yake, na umri wa zaidi ya miaka 65 huiongeza tena. Vitamini E kwa dozi kubwa hupunguza uwezo wa damu kuganda, na mafuta ya samaki kwa dozi kubwa huelekea hukohuko. Kwa mtu mzima asiye na dawa nyingine pengine hakuna neno, lakini kwa mwenye aspirini, au mwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni mambo ambayo daktari lazima ayajue. Na madini ya chuma yenyewe huwasha tumbo. Kwa hiyo katika chupa zile tatu, ambazo ziligharimu fedha na zilitumwa kwa mapenzi, sikuona hata moja yenye kulinda, na nyingine zilikuwa na uwezekano wa kuongeza madhara.

Kinga iliyothibitika ni ipi basi? Ya kwanza kuthibitishwa kwa utafiti mkubwa ni misoprostoli, ambayo ni prostaglandini iliyotengenezwa na binadamu, yaani inarudisha kile kilichoondolewa. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 8,843 wa baridi yabisi waliokuwa wakitumia dawa za maumivu, na waliopewa misoprostoli walipata madhara makubwa ya tumbo pungufu kwa takriban asilimia 40. Lakini huharisha, humezwa mara kadhaa kwa siku, na mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia kwa kusudi hili, kwa sababu hukaza mji wa mimba. Wengi wetu tunaijua kutoka wodi ya wazazi. Kwa hiyo inayotumika zaidi ni omeprazoli na ndugu zake, ambazo hufunga pampu za asidi kwenye ukuta wa tumbo. Kwa kazi hii omeprazoli humezwa miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa, na humezwa kila siku ambayo mtu anatumia dawa ya maumivu. Haingojwi mpaka tumbo liume. Anayeimeza usiku baada ya kula, kama wengi wanavyofanya, anapoteza sehemu ya faida yake.

Jambo la pili ni yule bakteria. Helicobacter pylori amejaa katika Afrika, na wengi wanampata utotoni bila kujua. Bakteria na dawa ya maumivu wakikutana katika tumbo moja, kila mmoja humrahisishia mwenzake. Watafiti wa Hong Kong walichapisha mwaka 2002 matokeo ya wagonjwa wenye bakteria huyo waliokuwa wakianza matibabu marefu ya diklofenaki: waliotibiwa bakteria kwanza, asilimia 12.1 walipata vidonda ndani ya miezi 6. Wasiotibiwa, asilimia 34.4. Hakuna kirutubisho ninachokijua chenye matokeo yanayokaribia hayo. Kipimo cha choo au cha pumzi kinapatikana katika hospitali nyingi za miji mikubwa, na anayejua kwamba atakaa na dawa hizi muda mrefu ana haki ya kukiomba.

Omeprazoli nayo ina mipaka, na hapa vitamini zinarudi kwa mlango wa haki. Mtu akikaa nayo miaka, tumbo lisilo na asidi ya kutosha hushindwa kuichomoa vitamini B12 kutoka kwenye nyama na mayai, na magnesiamu ya mwilini huweza kushuka. Mwenye kisukari anayetumia metfomini yuko katika hatari zaidi, kwa sababu metfomini nayo hupunguza B12. Mtu wa namna hiyo akihisi ganzi miguuni asikimbilie kusema ni kisukari tu; apimwe B12, na ikipungua apewe. Hiyo ndiyo vitamini iliyo mahali pake: inaziba upungufu uliopimwa.

Mpaka mwingine ni kwamba omeprazoli hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo, basi. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani walipowamezesha kamera ndogo ya kidonge watu waliotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu, walikuta majeraha ya utumbo mwembamba kwa asilimia 71 yao, mengi yakiwa madogo. Figo nazo zinazihitaji prostaglandini ili zipate damu ya kutosha, na presha huweza kupanda. Omeprazoli haizuii lolote kati ya hayo, sembuse chupa ya vitamini. Ndiyo maana swali ninalolipenda kuliko la kinga ni kama mtu anaihitaji dawa yenyewe, kwa dozi hiyo, kwa siku hizo. Kwa goti lililochakaa, diklofenaki ya kupaka hufikisha dawa mahali pa maumivu, na kiasi kidogo sana ndicho huingia kwenye damu. Parasetamoli haina ukali huo kwa tumbo, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na kipimo kiwe pungufu kwa mwenye ini dhaifu. Mazoezi ya kukaza misuli ya paja hupunguza maumivu ya goti kwelikweli. Mama sasa anapaka, anafanya mazoezi yake akiwa amekaa kitini, na aspirini ya moyo anaendelea nayo kwa sababu daktari wake ndiye aliyeiandika, na dawa ya namna hiyo haiachwi na mgonjwa mwenyewe kwa kuhofia tumbo. Omeprazoli daktari alimwongezea kwa sababu ya umri wake.

Nina hofu kubwa zaidi juu ya virutubisho vya viungo vinavyouzwa kama vitu vya asili tupu. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa maonyo juu ya bidhaa zilizouzwa kwa jina la Artri King baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni dawa ya kundi la steroidi, na zote mbili hazikuandikwa kwenye chupa. Diklofenaki pamoja na steroidi ni miongoni mwa michanganyiko mibaya kabisa kwa tumbo, na mtumiaji aliamini kwamba anakunywa mizizi na vitamini. Unga au kidonge cha asili kinachoondoa maumivu ya miaka ndani ya siku mbili kinapaswa kututia shaka, kiwe kimetoka ng'ambo au kimesagwa mtaa wa pili. Vilevile, vipo vidonge vya maumivu ya kichwa vinavyouzwa hadi kwenye maduka ya vyakula ambavyo ndani yake mna aspirini, kwa hiyo anayetumia diklofenaki asome nyuma ya pakiti kabla ya kuongeza kidonge cha kichwa.

Limebaki jambo moja ambalo ningependa kila nyumba yenye dawa hizi ilijue. Kidonda kinachovuja damu huonyesha dalili kwenye choo: choo huwa cheusi kama lami, chepesi, chenye kunata na harufu nzito isiyo ya kawaida. Vidonge vya madini ya chuma, pamoja na vile vya chuma na foliki wanavyopewa wajawazito kliniki, navyo hutia choo weusi, ila huwa ni weusi unaoelekea kijani, na choo mara nyingi ni kigumu. Mtu anayemeza madini ya chuma pamoja na dawa ya maumivu anaweza kuiona damu yake mwenyewe kila asubuhi akaihesabu kuwa ni vitamini. Akiona choo cha lami, au akitapika kitu kinachofanana na masimbi ya kahawa, au akipatwa na kizunguzungu anaposimama, aende hospitali siku hiyohiyo, abebe pakiti zote pamoja na chupa za virutubisho, na aseme mara ya mwisho alipata lini dawa ya maumivu, hata kama ilikuwa sindano.